Mdomo Kabla ya Rangi: Namna ya Kuchagua Samaki wa Tangi la Matumbawe

Ukisimama mbele ya matangi ya duka la samaki wa mapambo, jicho ndilo linalonunua. Taa za buluu zimewashwa, maji yanameremeta, na muuzaji hana haja ya kusema mengi. Shida huanza nyumbani wiki ya pili, pale kitatange mwenye mistari ya dhahabu anapoanza kudonoa matumbawe uliyoyalea mwaka mzima, au kamba wako anapotoweka usiku na asubuhi ukakuta sharubu tu juu ya mchanga. Samaki hana kosa. Amekula anachokula siku zote. Kosa ni la aliyetazama rangi akasahau mdomo.

Ushauri wangu kwa anayejenga tangi la matumbawe ni huu: tazama mdomo wa samaki kwanza, kisha ukubwa atakaofikia, kisha tabia yake, na rangi iwe ya mwisho. Usihofu kwamba ukifuata utaratibu huo utabaki na tangi lililopooza. Bahari yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ina samaki wekundu, wa zambarau na wa buluu wasiogusa tumbawe hata moja, na wengine wazuri hutoka Bahari ya Shamu, Karibi na Pasifiki.

Salama kwa nani?

Wauzaji husema samaki fulani ni salama kwa matumbawe. Kauli hiyo ina mambo mawili ndani yake, na ni vizuri kuyatenganisha. Kwanza, je, samaki huyo anakula matumbawe yenyewe? Tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni kundi la wanyama wadogo, kila mmoja na mdomo wake na minyiri yake, waliovaa ngozi laini juu ya mifupa ya chokaa. Likidonolewa kila siku hujifunga, halipati mwanga wala chakula, na hatimaye ngozi huanza kuchunika. Pili, je, anakula wanyama wengine wanaoishi humo: kamba, kaa, konokono wala mwani, chaza? Wapo samaki wasiogusa tumbawe lakini wanaomaliza kamba wote kwa wiki moja. Ukiuliza dukani, uliza maswali yote mawili.

Halafu kuna kundi la katikati, la wale wanaoitwa salama kwa tahadhari. Maana yake ni kwamba wengi wao hukaa vizuri, lakini mmoja mmoja huanza kudonoa bila taarifa. Ukimchukua wa kundi hili, jiulize mapema utamtoaje tangini akianza vituko. Kumkamata samaki kati ya mawe ya tangi lililojaa ni kazi ya kubomoa tangi zima.

Mdomo unasema nini

Huhitaji kuwa mtaalamu wa baharini. Mkaribie samaki, mtazame kwa ubavu, utajua mengi kuhusu chakula chake.

Mdomo mwembamba uliochongoka kama kibano ni wa kuchomoa vitu vidogo kwenye nyufa, na mara nyingi kitu chenyewe ni mnyama wa tumbawe. Ndio mdomo wa vitatange wengi wa jenasi ya Chaetodon. Chaetodon trifascialis, anayeonekana kwenye miamba yetu, hutegemea matumbawe ya Acropora kwa karibu kila tonge. Mwingine ni Oxymonacanthus longirostris, samaki mdogo wa kijani mwenye madoa ya rangi ya chungwa, mzuri kupita kiasi. Yeye hula minyiri ya Acropora na hajui chakula kingine. Ukimweka kwenye tangi lenye matumbawe, atayala. Ukimweka kwenye tangi lisilo nayo, atakufa njaa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Meno mazito yaliyojitokeza mbele ni ya kuvunjia magamba. Kikande na bunju wana meno hayo, na konokono wako, kaa wako na chaza wako ni karanga tu mbele yao. Mdomo mpana unaofunguka ghafla ni wa mwindaji: chewa wa aina zote, na yule mwenye mapezi marefu ya sumu, Pterois miles. Huyu wa mwisho hatagusa tumbawe lolote, ndiyo maana wengine humwuza kama salama. Ila samaki yeyote anayeenea mdomoni mwake atamezwa.

Mdomo mdogo, mara nyingi umeelekea juu kidogo, ni wa kudaka vijidudu vinavyopita na maji. Hapa ndipo penye hazina yako. Samaki wala planktoni hawana shughuli na matumbawe. Mwisho ni mdomo mdogo wenye safu ya meno membamba ya kukwangua mwani, ambao ndio mdomo wa kangaja. Huyo ni mfanyakazi wa tangi, mradi tangi limtoshe.

Ukubwa: usinunue mtoto ukasahau mzazi

Samaki wengi wa dukani ni watoto, na baadhi yao hubadilika sura kabisa. Mtoto wa Pomacanthus imperator ni mweusi wa buluu mwenye duara nyeupe ndani ya duara. Mkubwa wake ana mistari ya manjano na buluu, hufika sentimita 40, na hudonoa matumbawe. Mtoto wa Coris cuvieri ni mwekundu mwenye mabaka meupe mgongoni, urefu wa kidole. Akikua hukaribia sentimita 40, hugeuza mawe kutafuta kaa na konokono, na mpangilio wako wa mawe unakuwa mchezo wake.

Tangu filamu ya Finding Nemo itoke mwaka 2003, kila mtoto anamtaka Paracanthurus hepatus, kangaja wa buluu mwenye mkia wa manjano. Kwa matumbawe hana neno. Lakini hufika sentimita 30, naye ameumbwa kuogelea masafa. Kwenye tangi la lita 200 huzungukazunguka, huingiwa na wasiwasi, kisha madoa meupe ya ugonjwa humtokea. Vivyo hivyo Acanthurus leucosternon, kangaja wa buluu ya mbingu mwenye uso mweusi na pezi la manjano, ambaye ni wa Bahari ya Hindi. Kwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam kuna jambo jingine: umeme ukikatika na pampu zikasimama, maji ya joto yana oksijeni kidogo, na kangaja mkubwa ndiye wa kwanza kutweta. Kama huna tangi la lita 500 na pampu ya hewa ya betri, mwache.

Wa kuwaanzia, rangi kwa rangi

Rangi ya chungwa: anza na yule ambaye watoto humwita Nemo. Amphiprion ocellaris anazalishwa kwenye matangi kwa wingi duniani, ni mgumu, na hula chakula cha punje tangu siku ya kwanza. Pwani yetu ina ndugu zake wawili: Amphiprion akallopisos, wa waridi iliyopauka mwenye mstari mweupe mgongoni, na Amphiprion allardi, wa kahawia na chungwa mwenye mikanda miwili myeupe. Chukua wawili wadogo. Wote huanza wakiwa madume. Mwenye nguvu hugeuka jike na mwingine hubaki dume, kwa hiyo jozi hujipanga yenyewe. Usichanganye aina mbili za Amphiprion kwenye tangi moja dogo, watapigana. Anemoni si lazima. Kwa mwanzo ni afadhali uikose, maana hutaka mwanga mkali na tangi lililokomaa, tena hutembea na kuchoma matumbawe njiani.

Nyekundu: Nemateleotris magnifica ana mwili wa maziwa mbele na moto nyuma, na pezi refu la mgongoni analolitikisatikisa akiwa ametulia mahali pamoja majini. Hufika sentimita 8 au 9, hula planktoni, hana ugomvi na wengine isipokuwa wa aina yake. Ana kasoro moja: akishtuka huruka. Tangi lisilo na kifuniko cha wavu utamkuta sakafuni.

Manjano: Cryptocentrus cinctus, gobi wa manjano wa Pasifiki mwenye madoa madogo ya buluu. Huyu mnunulie na mwenzake, kamba wa jenasi ya Alpheus, ukaone shirika lao. Kamba huyo haoni vizuri, kazi yake ni kuchimba. Hutoka shimoni na mzigo wa mchanga kwenye magando, akausukuma hadi nje ya mlango, na muda wote huo sharubu moja imelala juu ya mwili wa samaki. Samaki amekaa mlangoni anatazama. Akitikisa mkia, kamba hurudi ndani; hatari ikikaribia, wote wawili hutumbukia, gobi kichwa mbele. Hakikisha mawe yako yamekaa juu ya sakafu ya tangi na si juu ya mchanga, kwa sababu kamba huyo atachimba chini yake.

Zambarau: Pseudochromis fridmani wa Bahari ya Shamu, zambarau tupu kutoka pua hadi mkia, sentimita 6, huzalishwa matangini. Anaweza kuwasumbua kamba wadogo sana, basi. Mwingine ni Gramma loreto wa Karibi, zambarau mbele na manjano nyuma. Chagua mmoja kati ya hao wawili, kwa kuwa wote hugombea mapango. Ukitaka wa kwetu, Halichoeres iridis ana kichwa cha chungwa na mwili wa zambarau iliyoiva. Hulala ndani ya mchanga, kwa hiyo mpe sentimita 5 za mchanga laini. Husaidia kula minyoo wanaosumbua matumbawe, ingawa konokono wachanga nao huwaona ni chakula.

Buluu: Centropyge acanthops wa Afrika Mashariki, mgongo wa chungwa na ubavu wa buluu kali, hapiti sentimita 8. Yumo katika kundi la tahadhari. Mlishe mara kwa mara, mwachie mawe yenye mwani wa kudonoa, na umweke wa mwisho, kwani akitangulia hulifanya tangi zima mali yake.

Wenye tangi kubwa, la lita 400 na kuendelea, wana chaguo zaidi. Kangaja wa manjano, Zebrasoma flavescens, kwa miaka mingi alikuwa akivuliwa hasa Hawaii. Mwaka 2015 watafiti wa Oceanic Institute ya huko huko walifaulu kumkuza kuanzia yai, na leo waliozaliwa matangini wanauzwa. Pseudanthias squamipinnis, anayejaa kwenye miamba yetu, anapendeza akiwa kundi: majike wengi wa dhahabu na dume mmoja wa waridi ya zambarau. Dume akifa, jike mkubwa hugeuka dume. Lakini samaki hao hutaka kula mara tatu au nne kwa siku, na mtu anayeshinda kazini hawawezi.

Wazuri wa kuwaacha baharini

Kuna samaki walio salama kwa matumbawe, wenye rangi za kushangaza, na bado nakuomba usiwanunue kwa tangi jipya. Synchiropus splendidus wa Pasifiki, mwenye michoro ya buluu na chungwa, huokota vijidudu vya kopepodi juu ya mawe mchana kutwa. Tangi lisilofika mwaka mmoja halina vya kumtosha. Hukonda polepole huku wewe ukidhani anashiba. Kama unamtaka kweli, tafuta aliyezalishwa matangini na uhakikishe anakula chakula cha kugandishwa mbele ya macho yako.

Labroides dimidiatus, yule mwembamba mwenye mstari mweusi na buluu anayesafisha samaki wenzake, hutegemea wateja wengi kwa siku. Tangi lenye samaki sita halimpi riziki, na miamba inamhitaji zaidi kuliko sebule. Kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, atakupa tamasha hilo hilo naye hula chochote. Na kile kiboksi cha manjano chenye madoa meusi, mtoto wa Ostracion cubicus, kikishtuka au kikifa kinaweza kutoa sumu itakayoua samaki wote kwa usiku mmoja.

Mfano wa tangi la lita 270

Tangi la sentimita 120 kwa urefu, 45 kwa upana na 50 kwa kimo linatosha familia hii: gobi wa manjano na kamba wake, Nemateleotris mmoja, jozi ya Amphiprion, Halichoeres iridis mmoja na Centropyge acanthops mmoja. Samaki sita, rangi zote zipo, na kila mmoja ana sehemu yake: gobi chini, Nemateleotris katikati, Amphiprion pembeni, wengine kati ya mawe.

Waingize kwa mpangilio huo huo, wapole wakitangulia, na uache angalau wiki mbili kati ya mmoja na mwingine ili bakteria wa chujio wazoee mzigo mpya. Kabla ya wa kwanza, tangi liwe limekaa wiki nne hadi sita, amonia na nitriti zikisoma sifuri. Chumvi iwe gramu 35 kwa kila kilo ya maji, yaani karibu 1.026 kwenye kipimo, na joto nyuzi 25 hadi 27. Katika miji yetu ya pwani, na hata Muscat au Dubai, kazi si kupasha maji bali kuyapoza. Feni juu ya maji husaidia, ila huongeza uvukizi. Maji yakipungua ongeza maji baridi yaliyochujwa, si maji chumvi, maana kinachopotea ni maji na chumvi hubaki.

Ukiwa dukani

Mwombe muuzaji amlishe samaki ukiwapo. Asiyekula leo dukani hatakula kesho kwako. Tazama mgongo nyuma ya kichwa: pakibonyea, ameshinda njaa muda mrefu. Tazama mashavu yanavyopumua, mapezi kama yamefunguka, macho kama yako wazi, na ngozi kama haina vipele vyeupe au vumbi la dhahabu. Tazama pia majirani zake, kwa sababu maji ni mamoja. Andika jina la kitaalamu. Majina ya biashara hubadilika duka kwa duka, na jina moja linaweza kubeba samaki watatu tofauti.

Uliza alikotoka na alivyovuliwa. Ufilipino, tangu miaka ya 1960, baadhi ya wavuvi wamekuwa wakitumia sayanidi kuwalevya samaki. Hao hula vizuri dukani kisha hufa baada ya wiki kadhaa, na matumbawe yaliyorashiwa sumu nayo hufa. Wazamiaji wa pwani ya Kenya huvua samaki wa mapambo kwa nyavu za mkono, kazi ya subira inayomwacha samaki mzima. Aliyezalishwa tangini ni bora zaidi pale anapopatikana. Kwenda kuwachota mwenyewe kwenye hifadhi kama Kisite, Watamu au Chumbe ni kosa la kisheria. Tumbawe nalo, hata kipande, lina sheria zake: matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, na kuvuka nayo mpaka bila kibali ni kujitafutia kesi.

Karantini si anasa

Vipele vyeupe vya Cryptocaryon irritans ndivyo vinavyomaliza matangi mengi. Dawa yenye shaba huviua, lakini shaba hiyo hiyo huua kamba, konokono na matumbawe, kwa hiyo haiwezi kutiwa kwenye tangi kubwa. Ndiyo sababu unahitaji tangi dogo la pembeni, la lita 60 hivi, lenye chujio cha sponji na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Kila mgeni akae humo wiki nne. Ukipuuza na ugonjwa ukaingia, itabidi uwatoe samaki wote na kuliacha tangi bila samaki kwa siku 76, muda waliouzoea wafugaji wengi, mpaka kimelea kife kwa kukosa mwenyeji.

Samaki aliyesafiri saa nyingi ndani ya mfuko usimcheleweshe baada ya kuufungua. Ndani ya mfuko kabonidayoksaidi huyafanya maji yawe na asidi na amonia inapoa makali. Ukifungua, gesi hutoka, asidi hushuka, na amonia inakuwa sumu kwa dakika chache. Acha mfuko uelee juu ya maji, ukiwa bado umefungwa, kwa dakika 15 usawazishe joto, kiwango cha chumvi cha karantini kiwe kimelinganishwa tayari, kisha umhamishe samaki kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage.

Rangi hutoka chakulani

Kwa sehemu kubwa samaki hawezi kujitengenezea rangi ya chungwa, nyekundu wala manjano. Huipata kwenye chakula, kutoka kwa mwani na kamba wadogo. Ndiyo maana Nemo anayelishwa punje za bei nafuu mwaka mzima hupauka. Buluu ni tofauti: kwa samaki wengi hutokana na jinsi chembe za ngozi zinavyorudisha mwanga, na Synchiropus splendidus ni mmoja wa wachache sana wenye rangi halisi ya buluu ndani ya ngozi. Kwa hiyo buluu itabaki, lakini moto wa chungwa ni wajibu wako.

Mpe mchanganyiko: kamba wadogo wa kugandishwa, punje nzuri zenye astaksanthini, na kwa kangaja na Centropyge, kipande cha mwani mkavu usiotiwa chumvi wala viungo, kilichobanwa kwenye kioo. Lisha kidogo mara mbili kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Kinachobaki huoza na kulisha mwani usioutaka. Chakula kilichogandishwa kiyeyushe na ukichuje kwanza, maji yake yasiingie tangini. Na samaki wako akianza kufifia, badilisha chakula kwa miezi miwili kabla hujafikiria kumbadilisha yeye.